Usukani Ulioinuliwa na Kona za Kinole

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu, na leo tumsifu hata kwa yale aliyonitendea nikiwa nimefumba macho.

Katekista alitaka nisimame mbele niseme mwenyewe. Nikamwambia naandika, mnisomee kwenye jumuiya, kwa sababu mimi nikisimama mbele ya watu nacheka mahali pa kulia, na nalia wakati wa matangazo.

Wengi mnanifahamu. Ni Mama Neema wa Mafiga, yule ambaye ukitaka kumtembelea huna haja ya kupiga simu kwanza. Nipo. Shuleni, mpaka kidato cha nne, nilikuwa hodari wa kuchora ramani za nchi za watu, lakini safari yangu ndefu kuliko zote ni ile ya kushuka kutoka kwetu Kinole kuja kuolewa hapa mjini. Siku hiyo ilinyesha. Gari lililonibeba liliserereka kwenye kona, tairi moja la nyuma likabaki linaning'inia hewani, na mikungu ya ndizi ya harusi ikatutangulia bondeni. Hakuna aliyeumia. Watu waliimba, wakasukuma, wakacheka. Mimi nilifika kanisani na matope kwenye shela, nikatoa ahadi zangu za ndoa, na chini kwa chini nikaongeza nadhiri moja ambayo padri hakuisikia: barabara ile sitaipanda tena.

Nikaitunza nadhiri hiyo kuliko nyingine zote.

Mwanzoni haikuniuma, maana mama yangu alikuwa anashuka mwenyewe na kikapu cha machungwa na mafenesi, ananikuta jikoni, ananicheka. Baadaye magoti yakamgomea. Tukabaki na simu. Mdogo wangu Imelda, anayekaa naye kule juu, alikuwa ananipigia: "Dada, mama anakuulizia." Nami najibu, "Mwambie nakuja mvua zikikatika." Ndugu zangu, mnaijua milima ya Uluguru. Mtu anayengoja mvua ikatike kule hana nia ya kwenda.

Aliyekuwa anakwenda ni mume wangu. Baba Neema alinunua pikipiki kubwa iliyotumika, zile za mbio zilizotengenezwa kwa safari ndefu, yenye umbo la panzi aliyekasirika. Chombo kizuri, lakini usukani wake ulikuwa vijiti viwili vifupi vilivyoinamia tairi la mbele. Ukikiendesha unainama kama unafua kwenye beseni, uzito wote wa mwili unakaa kwenye viganja. Kila alipotoka Kinole kumpelekea mama sukari na dawa, vidole vyake vilikuwa na ganzi, na alitembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Mimi namchua mgongo huku namtania.

"Mzee wa mbio, leo umeshinda?"

"Chua," anasema. "Halafu uniambie, yule mama ni wako au wangu?"

Nacheka. Sasa hivi nikikumbuka kicheko kile natamani kukirudisha kooni.

Alikuwa hachoki kunialika. "Mama Neema, panda nyuma twende tukamwone mama."

"Nyuma wapi? Pale ni kiti au ni tawi?"

"Kiti."

"Haya. Wewe umeinama unafua, mimi nikulalie mgongoni, tunakatiza mjini hadi Msamvu mabasi yote ya mikoani yanatutazama. Waseme yule mama wa jumuiya kapatwa na nini?"

"Sasa unataka nini, mke wangu?"

"Siku usukani huo utakapoinuka, ukakaa wima kama baba mwenye familia, nitapanda."

Nilisema hivyo kama mtu anayeahidi kufanya jambo siku atakapoletewa maziwa ya kuku. Sikujua kwamba usukani unainuliwa. Kumbe unainuliwa. Baba Neema akaulizia Dar, na baada ya muda ukaja mzigo: usukani mpya uliopinda kwenda juu, na vipande vya chuma vya kuuongezea kimo.

Na hapo ndipo Imelda aliponipigia akaniambia jambo jingine. "Dada, mama siku hizi anakuulizia, halafu katikati ya swali anasahau anamuuliza nani." Ndugu zangu, hata hapo sikuondoka. Nilisema, ngoja fundi amalize.

Fundi ni Shomari, ambaye ni mtani wa ukoo wa mama yangu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunisema hata kwenye msiba wangu mwenyewe. Alitandika turubai uani kwetu, akaanza kufungua.

"Shemeji," anasema, "nasikia unausubiri usukani huu kuliko mnavyoisubiri Krismasi."

"Fundi, kazi nzuri haina haraka. Ukitaka mwaka, chukua mwaka."

"Unaona, bwana? Mkeo anauombea ushinde ukiwa umelala."

Akaendelea. Usukani ukipanda, vinavyoufuata navyo lazima virefuke, akatueleza. Akabadilisha mpira wa breki, akaweka mrefu. Akabadilisha waya wa klachi, akaweka mrefu. Waya wa mafuta, ule unaoipa injini nguvu ukizungusha mkono, wa zamani ulifika, umekaza kidogo lakini umefika. Akauacha. Baba Neema akakaa juu ya kiti, mgongo wima, mabega yamelegea, na usoni mwake niliona mtu ambaye sikuwa nimemwona siku nyingi. Alikuwa hasikii maumivu.

"Bado jambo moja," Shomari akasema. "Tuwashe, tukate usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, tuisikilize injini."

Simu ikaita. Imelda. "Dada, leo mama kaamka anasema unakuja. Kavaa kitenge chake kipya, kakaa mlangoni. Nimwambie nini?"

Sijui nilipata wapi miguu. Nilichukua kofia ngumu na mkoba, nikatoka natetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikawaambia wale wanaume wawili, "Tunaondoka sasa hivi. Mkianza kusikiliza injini, mimi narudi ndani. Na nikirudi ndani mnanijua."

Walitazamana. Walinijua.

Baba Neema alizunguka mara moja kwenye mtaa wetu, ambao umenyooka kama rula. Akarudi, pikipiki imetulia kama ng'ombe wa maziwa. Kwa sisi tuliozoea tambarare, chombo kikienda mbele na kusimama, kimepona. Nikapanda. Sikumlalia mtu mgongoni, nilikaa na adabu zangu, nimeshika vyuma vya pembeni, Rozari mdomoni. Msamvu hakuna hata mmoja aliyetutazama. Miaka yote ile nilikuwa nawaogopa watu wenye mabegi yao na shida zao.

Tulipoacha barabara kubwa na kuanza kupanda, nilifumba macho. Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia, tukapita. Ya pili ilikuwa ya kushoto, ile inayojikunja yenyewe kama nyoka anayejilamba mkia. Baba Neema akaukata usukani wote. Na pale, bila mkono wake kuzunguka hata kidogo, injini ikapiga kelele. Ule waya mfupi wa mafuta ulikuwa umevutwa na usukani wenyewe. Pikipiki ikaruka mbele kama imechomwa na kitu, ikaiacha kona, ikaenda moja kwa moja ukingoni.

Nilisema, "Yesu." Si kwa sauti. Sala yangu yote ilikuwa hiyo.

Pale ukingoni, ndugu zangu, mtu ambaye simfahamu, Mungu ampe uzima, alipanda migomba. Tuliingia katikati yake. Mmoja ulikatika, wa pili ukainama, wa tatu ukatushika. Nilikuwa nimelala kwenye majani makavu na pikipiki pembeni ikiendelea kunguruma kwa hasira. Baba Neema alijitoa, akaunyoosha usukani tu. Injini ikatulia hapo hapo.

"Uko mzima?" akaniuliza.

"Ngoja kwanza. Huu mguu ni wangu au wako?"

"Wako."

"Basi niko mzima."

Nilifumbua macho nikatazama chini ya ile migomba. Ni bonde, sitawaficha. Nikaketi nikingoja woga aje, maana nilikuwa namfahamu, tumekaa naye nyumba moja. Hakuja. Lile nililoliogopa tangu siku ya harusi lilikuwa limetokea tayari, na lilikuwa fupi kuliko kuunguza wali. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Wengine wanafunguliwa wakiwekewa mikono kichwani. Mimi nilifunguliwa na jani la mgomba mdomoni.

Baba Neema aliinamisha kichwa. "Turudi, Mama Neema. Sikulaumu."

"Huko mbele kona za kushoto zipo?"

"Zipo nyingi."

"Kwenye kila moja nitashuka, wewe utaisukuma ikiwa imezimwa. Twende. Mama kakaa mlangoni."

Tukaenda hivyo. Nilishuka, nikapanda, nikashuka. Nilinusa pilipili manga zilizoanikwa, nikaona ukungu umekaa kwenye miti kama nilivyouacha, na nilianza kulia kabla sijaiona nyumba, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa fupi. Ndugu zangu, ilikuwa fupi sana. Mtu akiondoka Mafiga baada ya chai ya asubuhi, anakula chakula cha mchana Kinole. Hicho ndicho kitu nilichokipa miaka yote ile.

Mama alikuwa mlangoni, na kitenge chake kipya. Amekuwa mdogo. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu mgeni. Pole, umechafuka. Barabara yetu haina adabu."

Imelda akadakia, "Mama, huyu ndiye—"

"Muache mgeni anywe maji kwanza." Akanitazama kwa upole, upole ule wa kumkaribisha mtu usiyemjua. "Umetoka wapi?"

"Mafiga."

Uso wake ukachangamka. "Mafiga nina binti. Anakuja leo. Haji mara kwa mara, barabara inamtisha, tangu siku ya harusi yake. Unamfahamu?"

Nikasema, "Namfahamu."

"Hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Ukimwona mwambie simlaumu. Watu wa hapa wanasema kanisahau. Mwambie mimi sijasema hivyo."

Baba Neema alijitenga kando. Mimi nilinywa maji yale, na sijawahi kunywa kitu kizito namna ile. Mama akaingia ndani, akarudi na magome ya mdalasini, akayafunga kwenye kipande cha khanga. "Huu umpelekee. Umpe mkononi mwake mwenyewe. Usimpe mumewe, ni mkarimu mno, atagawa njiani."

"Nitampa, mama."

Jioni ile, nyumbani, nilichemsha chai, nikaweka ule mdalasini. Nikamfikishia mwenyewe.

Shomari alikuja akafunga waya mrefu, akaukata usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, na safari hii nilisimama nikasikiliza mimi mwenyewe. Hakunitania siku ile. Mume wangu sasa anakaa wima, viganja vyake vimepona, nami nyuma yake kila tunapoweza. Mama hunipokea vilevile, karibu mgeni, na kila mara hunipa salamu za binti yake wa Mafiga. Kuna siku hunishika mkono muda mrefu akinitazama, nami nangoja. Bado.

Namshukuru Mungu kwa migomba ile, na kwa mume aliyeinua usukani ili mimi nikose kisingizio. Lakini siwezi kuwadanganya kwamba furaha yangu imejaa. Woga, Mungu ameutoa. Miaka niliyoupa hakunirudishia, na siwezi kumdai, kwa sababu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama.

Basi, ndugu yangu unayesomewa haya, mwamini Bwana ukiwa bado unatetemeka. Usingoje mtetemeko uishe, haumalizikii nyumbani. Na kama una mama anayekufahamu bado kwa jina, inuka hapo ulipokaa uende sasa hivi. Sala ya kufunga tutakusalia sisi.