Adelasia, Meli Iliyokataa Kukokotwa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Sestri Ponente na wote mliowahi kuvaa sare yake, kwa niaba ya familia, yaani sisi tuliofanya kazi ndani yake, mimi Nilde Traverso, mhudumu wa vyumba kwa miaka kumi na tisa, nawasomea maisha ya mpendwa wetu, meli ya abiria Adelasia.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Sestri Ponente tarehe 8 Aprili 1951, aliposhushwa majini mbele ya mafundi waliomjenga. Masomo yake aliyapata baharini, Februari na Machi 1952, akafaulu mwendo, akafeli utulivu, kwa kuwa alipenda kulalia upande wa kushoto, tabia aliyobaki nayo maisha yote, nasi tukazoea kulowesha vitambaa vya meza kabla ya kupanga sahani, zisiteleze.

Alianza kazi tarehe 3 Mei 1952, Genova hadi Buenos Aires, akaifanya kwa miaka ishirini na tano, akiwapeleka waliohamia Argentina, na baadaye akiwarudisha hao hao kuzuru makaburi ya wazazi wao.

Kuhusu ndoa, mwaka 1955 alimpata mhandisi mkuu Giobatta Dellepiane, Baciccia wetu, aliyeketi hapa mbele na mkewe wa kanisani, Bi Ines, ambaye kila meli ilipofunga gati alimpokea mumewe kwa swali lile lile, "Mke mwenzangu hajambo?"

Alijaliwa watoto kumi na mmoja, wote wa abiria, waliozaliwa ndani yake safarini, na mmoja wao, Adelasia Bruzzone, ndiye aliyetupikia leo.

Alianza kuugua mwaka 1969, abiria walipohamia kwenye ndege, na kufikia 1976 boila mbili kati ya nne za kumchemshia mvuke zilikuwa zimezimwa, hata Januari 1978 wenye meli wakamuuza kwa wakata vyuma wa Aliağa, Uturuki, wakaamuru akokotwe kama gogo, jambo lililotuuma kuliko kifo chenyewe.

Baciccia alikwenda ofisini kwao, akaomba boila moja na watu tisa, ili aende kwa mvuke wake mwenyewe.

"Ikizimika baharini je?" msimamizi akamuuliza.

"Mtaikokota, bwana. Kamba si mnazo?"

"Mzee, una miaka sitini na nne."

"Yeye ana ishirini na sita, na ndiye anayeumwa."

Wakakubali, mradi meli ya kukokota imfuate nyuma. Aliondoka Genova tarehe 2 Machi. Karibu na Messina boila ikaanza kuvuja, mwendo ukapungua, na nahodha wa nyuma akapiga redio, "Baba, nikurushie kamba?" Baciccia, mikono ikiwa ndani ya matambara ya kuzibia, akajibu, "Wewe kunywa kahawa yako."

Tarehe 10 Machi 1978, saa nne asubuhi, Adelasia aliingia ufukwe wa Aliağa kwa nguvu zake zote, kama desturi ya meli zinazokwenda kukatwa, akapanda mchanga, akasimama, na Baciccia akafunga mvuke kwa mkono wake.

Tunawashukuru mafundi wa boila, waliokuwa madaktari wake, majirani zake wa bandari ya Genova, wenzetu tisa wa safari ya mwisho, na nahodha yule aliyemfuata hadi Uturuki, akarudi na kamba kavu.

Adelasia, zamu yako imekwisha. Lala kwa amani.