Kijiko Aitwe Nani?

Kijiwe chetu ni benchi moja refu na jingine fupi chini ya bati la kinyozi, na katikati yake jiko la mkaa lenye birika ambalo tangu nipate akili sijaliona limepoa. Asubuhi ile hakuna aliyeweza kukaa akatulia. Binti wa muuza kahawa alikuwa anarudi saa nne, na alikuwa anarudi kutoka angani. Si mafumbo. Kampuni moja ya watu binafsi huko mbali, inayorusha raia wa kawaida kwa roketi, ilichezesha bahati nasibu ya kiti kimoja, na binti huyo, fundi wetu wa majokofu, akapaa, akauona weusi wa juu, akashuka salama. Safari nzima dakika kumi na moja. Sisi tunamwita Kijiko, kwa sababu tangu mdogo kazi yake hapa ilikuwa kukoroga sukari ya wateja. Baba yake, aliyemsindikiza akatangulia kurudi juzi huku sisi tukimwashia jiko, tunamwita Birika. Mimi ni mchora mabango, wananiita Brashi, na nina ugonjwa mmoja: herufi ikipinda nafuta ubao mzima naanza upya. Nilikuwa nimeshaandika KARIBU NYUMBANI kwa rangi ya buluu. Mstari wa chini ulikuwa mtupu, na saa ilikuwa inakaribia tatu.

Mstari wa chini ndipo huandikwa cheo, na cheo hapa hakiandikwi ovyo. Mwaka juzi nilimwandikia kijana mmoja KARIBU DAKTARI, kwa maneno ya shangazi yake. Kabla hajashusha begi, foleni ya wagonjwa ilishafika kona, kumbe mwenzetu alisomea kuendesha gari la wagonjwa. Tulichekwa mpaka mitaa ya pili. Toka siku hiyo tukaweka sheria: cheo hakipandi ubaoni mpaka mikono yote ya kijiwe iwe juu. Birika asubuhi ile hakuwa na kura, maana ni mzazi.

RUBANI: Andika MWANAANGA tumalize. Rangi inakauka kwenye kopo.

Huyu Rubani alipakia mizigo uwanja wa ndege miaka ishirini, na kiti cha ndege hajakikalia hata kwa kukifuta vumbi.

INJINIA: Haandiki.

Huyu ni fundi viatu. Huongea na misumari mdomoni, ndiyo maana maneno yake hutoka machache na yanachoma.

RUBANI: Kwa nini haandiki?

INJINIA: Mwanaanga ni kazi, bwana. Mtu anaisomea miaka. Anazungushwa kwenye mashine mpaka anatapika chakula cha juzi. Anakaa huko miezi, anatengeneza vitu kwa glavu. Huyu wetu kafunga mkanda, kafungua mkanda.

RUBANI: Lakini kafika.

INJINIA: Hata parseli hufika. Wewe masanduku umepakia mangapi? Lililofika ng'ambo uliliita rubani?

RUBANI: Sanduku haliogopi, Injinia.

Birika alikuwa ananimiminia. Kikombe kikajaa, yeye akaendelea, kahawa ikanimwagikia kidoleni. Nikamtazama. Akaomba radhi, akaenda kuongeza sukari kikombe ambacho alishakitia.

PROFESA: Tuliieni niwape kitu cha kitabuni.

Profesa ndiye kinyozi. Elimu yake yote hutoka kwenye magazeti anayofutia wembe, kwa hiyo habari nyingi anazijua nusu.

PROFESA: Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kijiko kule hakumaliza hata siku moja. Hajapewa jembe. Kwa hiyo kisheria hakuwa mwenyeji wa anga, hakuwa hata mgeni. Alikuwa mpita njia.

RUBANI: Kisheria ya nani?

PROFESA: Ya methali.

RUBANI: Haya, niulize mimi. Aliyekwenda kuhiji, ndege aliendesha yeye?

INJINIA: Hapana.

RUBANI: Akirudi unamwitaje?

INJINIA: Huyo kaenda kwa nia.

RUBANI: Na Kijiko alipotelea kule? Alikuwa anakwenda sokoni?

Benchi likacheka. Injinia akahamisha misumari shavu la pili, ishara kwamba imemwingia.

PROFESA: Hapo kuna hoja. Mke wangu alipojifungua kifungua mimba wetu, kitovu hakijakatwa, mkunga kashamwita mama fulani. Hajalea, hajabembeleza. Dakika moja tu.

RUBANI: Sasa Kijiko ana kumi na moja.

INJINIA: Subirini. Usukani wa kile chombo alishika nani?

PROFESA: Gazeti lilisema hakina usukani. Kinajiendesha.

INJINIA: Mmesikia wenyewe. Mwanaanga pale ni kompyuta. Brashi, andika KARIBU NYUMBANI KOMPYUTA.

PROFESA: Acha uchoyo. Mimi naona kinyume. Hii dunia imekaa juu ya nini?

INJINIA: Juu ya nini?

PROFESA: Haijakaa. Inaelea, na inazunguka. Benchi hili ulilokalia liko angani sasa hivi, linakimbia kuliko roketi. Sisi sote ni wanaanga wa zamani. Mimi nina miaka hamsini na nne ya kuruka bila ajali.

Rubani alisimama kwa furaha, akampa Profesa mkono, akashika na benchi kabisa, asije akadondoka.

RUBANI: Wakongwe wa anga! Basi iandikwe KARIBU MWENZETU.

MIMI: Siandiki hiyo.

RUBANI: Na kuna jingine mnasahau. Huko juu muda huenda taratibu. Hili lina ushahidi. Mtu akikaa huko anarudi mdogo kuliko alivyoondoka.

PROFESA: Kwa dakika kumi na moja?

RUBANI: Nani kapima? Tunaweza kumpokea mtoto wa miaka saba hapa. Hapo utampa ubao au utampa uji?

PROFESA: Nimepata. Brashi, andika: ALIYE JUU MNGOJE CHINI. Yeye alikuwa juu, sisi tupo chini, tunamngoja. Kila kitu kimo humo.

MIMI: Profesa, hayo ni maneno ya kumsubiri mtu aanguke.

PROFESA: Na hakuanguka? Si kaletwa na parachuti?

Hapo nilichoka. Napenda mabishano kama mtu mwingine yeyote, lakini ubao ulikuwa wangu na aibu ya daktari ilikuwa yangu. Nikasema watu wapige kura. Rubani akanyoosha mikono miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Profesa akanyoosha, akasema anaunga mkono kama mwanaanga mwenzake. Injinia akashika kiatu na nyundo akanionyesha kwamba mikono yake ina kazi. Na wangu, nisiwafiche, ulibaki magotini. Nilimpenda Kijiko, lakini nilimkumbuka yule kijana na foleni yake, nikaogopa kicheko. Birika alisimama nyuma ya jiko na kitambaa mkononi. Mwanawe alikuwa njiani, na wateja wake wa miaka yote walikuwa wanashindwa kumwita jina.

Kwenye benchi fupi alikuwapo mama mmoja mgeni, kiatu kimoja mguuni, kingine ndicho hicho alichoshika Injinia. Alikuwa anatusikiliza tangu mwanzo.

MAMA: Samahani, kaka zangu. Naomba kuuliza.

INJINIA: Kiatu kinaisha sasa hivi, dada.

MAMA: Sio kiatu. Hicho kiti chenyewe, kikiletwa hapa sasa hivi, kimefunguliwa mlango, nani kati yenu anakaa?

Rubani alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa. Akalitazama goti lake kama ndilo lililoulizwa. Profesa akakunja gazeti mara mbili, halafu mara ya tatu. Injinia akatema msumari kiganjani. Mimi nilijikuta nakoroga rangi iliyokwisha kukorogeka. Birika ndiye aliyejibu, na sauti yake sikuitambua.

BIRIKA: Mimi nilikalishwa nikainuka.

MIMI: Ulikalishwa wapi?

BIRIKA: Kiti kilikuwa changu, Brashi. Jina lililoshinda lilikuwa langu. Kijiko ndiye aliyelituma. Alikuwa ananiona alfajiri nikiwasha jiko, natazama nyota mpaka mkaa unazima. Akasema, baba, ipo siku utazifuata. Yeye akajiandika kuwa wa akiba, ili anisindikize tu.

RUBANI: Mbona hukutuambia?

BIRIKA: Ningewaambiaje? Tulifunzwa wote siku tano. Tukapimwa wote. Moyo wangu mzima, macho mazima. Siku ya mwisho wakatuingiza chumba kimoja, wakaniwekea karatasi mezani. Kurasa tisa. Inasema unaweza usirudi, na usiporudi usimlaumu mtu.

Rubani akaweka kikombe chini.

BIRIKA: Nikashika kalamu. Mkono ukakataa. Nikajiambia, kidogo tu, jina lako lenyewe fupi. Mkono ukakataa. Kijiko akaniambia taratibu, baba, nipishe. Akakaa kwenye kile kiti cha mezani, akasoma kurasa zote tisa. Ule wa nne, wenye hayo ya kutorudi, akaurudia. Halafu akasaini, akanivulia viatu vyake nimshikie, maana kule wanavaa vyao.

PROFESA: Na wewe?

BIRIKA: Nilimngoja chini. Dakika kumi na moja, viatu mkononi. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na aibu, sijui ipi ilikuwa kubwa. Injinia, umesema parseli. Parseli ni ile iliyobaki.

Injinia aliweka nyundo chini. Akaweka na kiatu cha yule mama. Akatema misumari yote iliyobaki, nadhani mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyoosha mkono mpaka shati likachomoka kiunoni.

INJINIA: Kusoma ukurasa wa nne mara mbili, halafu ukasaini. Hiyo ni kazi. Brashi, mkono wako uko wapi?

Wangu ulikuwa juu tayari. Yule mama naye alinyoosha, na sheria haikusema mgeni hana kura, kwa hiyo tukamhesabu.

Hapo honi ikalia. Teksi ilikuwa imeingia mtaa wetu nusu saa kabla ya wakati, na watu walishaanza kuikimbilia, wengine na ndala mkononi. Profesa akaacha mteja mwenye povu nusu uso, naye mteja akatoka nalo hivyo hivyo. Rubani akawa anapiga kelele watu wasisogelee gari, huku yeye ndiye amelishika mlango. Nikapiga magoti mbele ya ubao. Sijawahi kuandika haraka vile. M, W, A, N, A, A, N, G. Herufi zikasimama wima zote. Ilibaki moja. Nikageuka, nikamnyooshea Birika brashi.

BIRIKA: Mimi? Nitakuharibia ubao.

MIMI: Njoo.

BIRIKA: Brashi, unaujua mkono wangu.

MIMI: Huu ubao hauna kurasa tisa, mzee. Ni herufi moja tu.

Akaja. Alijifuta mkono kwenye kitambaa, upande huu na upande huu, akashika brashi kwa ngumi kama anavyoshika koleo la mkaa. Mguu wa kwanza wa ile A ukaenda sawa. Wa pili ukapinda, ukatoka nje ya mstari, rangi ikachuruzika mpaka ukingoni. Kile kijiti cha katikati alikiweka juu mno. Haijawahi kuwapo A mbaya kama ile kwenye ubao wangu wowote. Akanirudishia brashi, akarudi haraka nyuma ya jiko lake.

Kijiko alishuka na gauni lake la kila siku na sanduku moja, ambalo Rubani alilipokonya kabla halijagusa ardhi. Watu walimpigia vigelegele, mmoja akamgusa nywele kuona kama zimebadilika. Yeye alikuwa anacheka na kila mtu, mpaka alipofika mbele ya ubao. Akausoma mstari wa juu. Akausoma wa chini. Akasogea karibu, kidole kikafuata herufi bila kuzigusa, kikasimama mwisho.

KIJIKO: Hii A kaandika nani?

Swali jepesi, kwa kijiwe kinachojua sababu ya kila kitu duniani. Rubani alikuwa amekumbatia sanduku, machozi yanamtoka bila kujificha. Profesa akakohoa. Injinia akaokota kiatu, akakitazama ndani. Birika aliinama anapuliza mkaa kwa nguvu, na birika lenyewe halikuwa na kitu, kahawa ilikuwa imekwisha zamani.

Kijiko akatuangalia mmoja mmoja, halafu akamwangalia yule aliyeinama. Hakurudia swali. Alilizunguka jiko, akachota maji kwenye ndoo, akayatia kwenye birika. Kisha akatoa kijiko kwenye kopo la sukari, akakaa kwenye kigoda chake cha utotoni ubavuni pa baba yake, wakangoja yachemke.