Bi Kioo na Mkufu wa Msumarini

Ndugu, majirani na marafiki mliofika, familia imenituma mimi mdogo wake nisome maisha ya dada yetu, ingawa shule yangu iliishia darasa la tatu na barua zangu alikuwa akinisomea yeye, basi nikijikwaa mnisamehe, na lipo kosa moja nitalisema kwa makusudi.

Dada yetu, ambaye wengi mnamjua kama Bi Kioo, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati karibu na kiwanda cha sabuni, mama akiwa mfua nguo na baba mlinzi wa getini. Alianza shule mwaka 1965, akamaliza masomo ya msingi mwaka 1971, akajifunza ushonaji, na tarehe 2 Januari 1976 akafungua chumba chake, cherehani moja na kioo kirefu kilichopasuka pembeni, ndicho kilichompa jina.

Kazi yake ilikuwa kushona, lakini watu walimfuata kwa jambo jingine, maana nguo ikishakwisha hakumwacha mteja aondoke mpaka amejaribu mkufu mbele ya kile kioo. Alisema gauni la rangi moja lenye shingo iliyofungwa linaomba mkufu mrefu, ushuke wenyewe kama tone la mvua dirishani, shingo ya V haitaki mkufu wa kuikata katikati, nguo ya maua iachiwe maua yake, shati la vifungo mkufu upite chini ya kola, na anayekwenda kazini auzungushe mara mbili usije ukanaswa na droo. Mwalimu mmoja alikuja amevaa mitatu kwa pamoja, dada akamwambia kwa upole kwamba wanafunzi wakisikia mlio wake watadhani geti linafunguliwa, naye akacheka, akavua miwili, na leo yupo hapa na mmoja. Alasiri jua likigonga kioo, shanga zilitupa madoa ya mwanga ukutani, yakayumba polepole, na mtu aliweza kukaa pale akasahau alikokuwa akienda.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa ya chumba hicho, akarudi mara nne kwa taa isiyo na tatizo, na siku ya harusi akamvisha mkufu alioutunga mwenyewe, wa shanga za mbao, ukimfika kitovuni, wenye shanga moja ya bluu kwa kuwa zile za mbao zilimwishia. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1985, sasa ni nesi, na wa kiume mwaka 1988, fundi friji, na wajukuu watatu. Shemeji alitutoka tarehe 20 Februari 1995, na tangu hapo dada hakuuvua mkufu ule, akishona aliutumbukiza ndani ya blauzi.

Sasa kosa langu. Tarehe 9 Juni 1996, katika kikundi chetu cha sala, nilisimama nikasema wapo wanawake wanaoning'iniza kiburi kifuani, na wote wakamgeukia dada. Mungu anajua sikusema kwa ajili ya utukufu wake, nilisema kwa wivu, maana shingo yangu ni fupi na kila mkufu ulinikaa kama kamba ya mbuzi. Dada alirudi chumbani kwake. Aliuvua, akautundika msumarini kando ya kioo, na kwa miaka ishirini na minane aliutoa pale kuwajaribishia wateja tu, akaurudisha, na nilipougua ni yeye aliyenifulia, nami sikumwomba radhi, nikidhani muda utaniombea.

Kisukari kilimwanza mwaka 2014, macho yakafifia, na mwaka 2021 Bi Kioo hakukiona tena kioo. Alihamia kwangu na kioo chake, mkufu ukatundikwa msumarini vilevile, nikawa macho yake, mgeni akiingia aliniuliza amevaa nini, nikishamweleza anampangia mkufu. Alinisimulia kwamba usingizini huona magauni yakipita barabarani bila watu ndani, taratibu, yakisimama mbele yake kuuliza yavae nini, na lipo moja jeusi linalorudi kila mara, halisemi kitu.

Tarehe 28 Agosti 2024, wodini, aliniuliza mimi nimevaa nini, nikamwambia gauni jeusi, shingo imefungwa. Akaagiza mkufu wa msumarini. Nikauleta kesho yake nikidhani anataka azikwe nao, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaungama yote.

“Nilijua ni wivu, mdogo wangu, tangu utotoni ulikuwa unanifichia riboni,” alisema. “Mkufu mrefu ndio unaofaa shingo fupi. Ungeniuliza, ningekuambia siku ile ile. Haya, leta shingo.”

Akanivisha, akapapasa mpaka shanga ya bluu ikatua katikati, akasema umekaa. Alifariki tarehe 3 Septemba 2024, saa tisa alasiri.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia, majirani waliopokezana zamu nasi, na mafundi wenzake waliofunga cherehani zao siku mbili. Nanyi wa kikundi cha sala mlionisikia mwaka ule, nisikieni na leo, kiburi kilikuwa changu.

Dada, gauni ni jeusi, shingo imefungwa, mkufu umekaa. Pumzika kwa amani.