Mama Selpha na Fungu la Kuvunjwa

Na Enos Waswa, Ofisi ya Soko

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne, Bi. Selpha Okinyi, afisa wa kilimo katika soko letu la Mamboleo, anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Wengine tulidhani alijengwa pamoja na soko.

Alianza kwa baiskeli, akiwatembelea wakulima wa kandokando ya ziwa. Lakini kazi iliyompa jina ni Jumamosi ya Mboga, siku ya kuwafundisha watoto sokoni, aliyoianzisha 2011 baada ya mwanafunzi mmoja kutazama mboga ya managu na kuuliza kama hayo ni majani ya ng'ombe. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Selpha akaanza na mboga.

Somo la kwanza nusura liwe la mwisho. Aliwafundisha watoto arobaini kwamba shina la mboga ya leo huvunjika kwa mlio, la juzi hujikunja tu. Watoto walielewa mno. Alipogeuka kumsalimu mteja, walikuwa wameshapima kwa kuvunja kila fungu la Mama Wangechi, muuzaji wa mboga, kuanzia kunde hadi saga. Wangechi aliapa kwamba watoto wakirudi, yeye atahama, na wauzaji wenzake wakamuunga mkono.

Selpha hakujitetea. Aliketi penye meza ya Wangechi hadi jioni, akiuza mboga zilizovunjika na kumweleza kila mteja kwamba kosa ni lake. Kisha akamwomba Wangechi awafundishe watoto yeye mwenyewe. Jumamosi iliyofuata Wangechi alikuja na fungu moja kando, la kuvunjwa. Ikawa desturi: kila muuzaji hutenga lake, na watoto hulibeba nyumbani kama nyongeza.

Mwezi uliopita tuliarifiwa kwamba nafasi ya Selpha haitajazwa. Alisema haogopi kustaafu, anaogopa watoto kufika sokoni wakose mwalimu. Nasi tuliogopa.

Jumatatu hii Wangechi alileta karatasi ofisini: majina hamsini na mawili ya wauzaji, kila mmoja na Jumamosi yake ya kufundisha mwaka ujao. Selpha aliisoma yote, akalia, akacheka, akaanza kusahihisha tahajia.

Mama Selpha, asante sana. Tunakuombea afya na siku ndefu za kupumzika, ila si Jumamosi. Tarehe 3 Januari ni zamu ya Wangechi, na anasema uje na kikapu kama mteja yeyote. Amekutengea fungu la kuvunjwa, na shina la kwanza ni lako.