Mama Mizani, Aliyetutoa Kwenye Saa Saba

Leo ni tarehe 30 Juni. Ni miaka mitano na miezi minne tangu niondoke nyumbani, na ni miaka thelathini na mmoja tangu karani wetu wa mizani, tunayemwita Mama Mizani, aajiriwe kwenye ghala hili. Saa kumi jioni anastaafu. Nimeombwa niandike mimi, kwa kuwa ndimi mwanafunzi niliyemchosha kuliko wote.

Alianza kwa kufagia. Mwaka wa tatu akakabidhiwa mizani ya malori, na tangu hapo hakuna dereva aliyempiga chenga, hata yule aliyeficha mawe chini ya kiti ili lori tupu lionekane zito na mzigo uonekane mwepesi.

Sisi wapakiaji tutamkumbuka kwa darasa lake la saa ya chakula. Mpakiaji halipiwi nauli ya likizo. Msimamizi wa zamu analipiwa. Kuwa msimamizi lazima ufaulu mtihani wa hesabu, na mimi shule niliiachia darasa la sita. Nilifeli mara mbili. Kila nikifeli, siku ya kumwona mke wangu na binti yetu ilisogea mwaka mzima.

Lililonikwamisha ni swali hili: mfanyakazi analipwa sita kwa saa kwa saa arobaini za kwanza, na tisa kwa kila saa ya ziada. Wiki hii amepata mia tatu na tatu. Alifanya kazi saa ngapi? Saa zote nikaziita s, nikaandika 240 + 9s = 303, nikapata saba. Mama Mizani akaacha kutafuna.

"Saa saba wiki nzima, baba? Basi huyu si mpakiaji, ni meneja."

Kantini nzima ilicheka, meneja akiwemo.

Akanitoa nje, juani, hadi mizanini. Saa arobaini za kwanza, alisema, ni lori tupu: uzito wake tunaujua, 240, usiupime tena. Kinachobaki kupimwa ni mzigo, yaani saa zilizozidi arobaini. Nikaandika kwa chaki ubavuni mwa lori lililokuwa pale: 240 + 9(s − 40) = 303. Saa arobaini na saba. Dereva aliwaka; akaambiwa atulie, mtu anatafuta nauli.

Amefundisha hivyo miaka kumi na miwili bila posho, magoti yamevimba, nusu yetu tukisinzia mbele yake. Tisa wamekuwa wasimamizi. Wa kumi ni mimi. Matokeo yalibandikwa Jumatatu. Aliyasoma kabla yangu, akanipa mkono, akarudi kazini maana malori mawili yalikuwa yakipiga honi.

Asante, mama. Tumechoka wote, lakini wewe umechoka kwa ajili yetu. Tunakuombea afya, magoti mapya ikiwezekana, na asubuhi zisizo na foleni.

Likizo yangu inaanza tarehe 12 Septemba. Tarehe 14 nitakuwa nyumbani.