Kumrudia wa Mwisho

MWAMINI: Haloo? Haloo, ni nani mwenzangu?

HAMIMU: Asalaam aleykum. Ni mimi.

MWAMINI: Wewe nani? Kioo cha simu hii kimepasuka, sioni jina—

HAMIMU: Hamimu. Shikamoo, dada.

MWAMINI: Marahaba. Ya Rabi, Hamimu. Uko wapi?

HAMIMU: Mbona umepokea wewe? Nimepiga namba ya Mzee.

MWAMINI: Yangu imeisha chaji tangu asubuhi. Ulitaka apokee nani?

HAMIMU: Sijui. Kidole kimekwenda chenyewe.

MWAMINI: Pole, mdogo wangu. Hata mimi ilipolia nimesema, "Baba, simu yako hiyo." Mama akaniangalia tu. Haya, uko wapi?

HAMIMU: Nimeshaipita Kidahwe.

MWAMINI: Basi limefika Kidahwe?

HAMIMU: Basi limekufa Uvinza, gia boksi. Nikachukua bodaboda. Haloo? Unanipata?

MWAMINI: Unakwaruza. Sema.

HAMIMU: Nasema waambie wanisubiri. Kidogo tu, dada.

MWAMINI: Hamimu—

HAMIMU: Mwambie sheikh mtoto wake wa kiume yuko njiani. Nimetoka Tabora giza halijaisha, sijatia kitu tumboni—

MWAMINI: Wameshamswalia.

(Upepo kwenye simu.)

HAMIMU: Lini?

MWAMINI: Sasa hivi, baada ya alasiri. Niliwasemesha, usidhani sikuwasemesha. Nilitoka mpaka barazani na kanga moja, wazee wanainamisha macho. Sheikh akaniambia kwa upole, mwanangu, maiti hasubirishwi. Na wosia wa Mzee unaujua.

HAMIMU: "Msiniweke."

MWAMINI: "Msiniweke. Sijawahi kuchelewa kwenye mstari."

HAMIMU: Mbio tu mpaka leo.

MWAMINI: Mbio tu.

HAMIMU: Amekaaje?

MWAMINI: Vizuri. Amekuwa mdogo, yaani miguu tu ndiyo imebaki ya kwake. Wamemwosha kwa sabuni yetu. Nilikwenda Mwanga mwenyewe kufungua kiwanda, nikakata mche kwa waya. Kwa haraka nimekata mche wa juzi, mbichi kabisa, maji hayajakauka.

HAMIMU: Angekugombeza.

MWAMINI: Angesema, "Mwamini, unawauzia watu maji." Na mawese yenyewe alichagua yeye, kabla hajalala kitandani. Tumemwosha kwa mkono wake.

HAMIMU: Usilie, dada.

MWAMINI: Silii. Nani analia? Wewe ndiye unayehema.

HAMIMU: Nani atamteremsha kaburini?

MWAMINI: Asumani.

HAMIMU: Asumani.

MWAMINI: Usianze.

HAMIMU: Sijasema kitu.

MWAMINI: Nakujua unavyonyamaza. Si damu yake, lakini ulipokwenda zako Tabora, nani alibaki anakoroga mafuta na Mzee? Nani amemgeuza kitandani usiku na mchana?

HAMIMU: Ubao wa kiwanda umeandikwa "Sadiki na Wanawe." Mimi ndiye mwanawe.

MWAMINI: Ndiye wewe. Ila mwanawe yuko Kidahwe.

(Mtandao unakwaruza.)

MWAMINI: Nisamehe.

HAMIMU: Hapana, umesema kweli.

MWAMINI: Subiri. Subiri, wanakuja. Wametoka msikitini, lazima wapite hapa mbele. Hamimu, natoa simu dirishani. Sikiliza.

(Sauti za wanaume, mbali: La ilaha illa llah. Zinakaribia, zinajaa, zinapita.)

MWAMINI: Umesikia?

HAMIMU: Wanakwenda taratibu mno. Hatapenda.

MWAMINI: Kwa sababu ya Mzee Telesphory. Ameshika mbele kulia, kila anayekuja kumpokea anamkatalia. Fimbo yake kaniachia mimi dirishani.

HAMIMU: Na goti lile?

MWAMINI: Goti lile lile. Vijana wakamwambia, mzee, pumzika. Akawaambia, "Vitani Uganda, wenzetu wote walikuwa wameshavuka mto. Sadiki peke yake ndiye aliyerudi, risasi zinalia, akanibeba mgongoni. Leo mimi nisimfikishe hata kona?" Wamemwacha. Anakwenda anachechemea, machozi yanamtoka, jeneza zima linamfuata yeye.

HAMIMU: Angalau yeye yupo.

MWAMINI: Mbona unahema hivyo?

HAMIMU: Kilima.

MWAMINI: Kilima na uko juu ya pikipiki?

HAMIMU: Imepata pancha. Nimemwacha kijana anaziba, nikatangulia.

MWAMINI: Unatembea?

(Pumzi. Viatu vinagonga kokoto.)

MWAMINI: Hamimu, unakimbia?

HAMIMU: Nakimbia.

MWAMINI: Kutoka Kidahwe? Na wewe mbio ulikuwa huziwezi tangu utoto.

HAMIMU: Siziwezi hata leo. Unakumbuka Jumamosi? Mbio za Kasingirima mpaka ziwani, watoto wa mtaa mzima tunamfuata bingwa wa jeshi.

MWAMINI: Mimi nilikuwa nawapita nyote.

HAMIMU: Wewe ulikuwa na miguu yake. Mimi wa mwisho. Kila Jumamosi wa mwisho, pumbu zinauma, kohozi limejaa—

MWAMINI: Astaghafirullah, wewe. Leo siku ya msiba.

HAMIMU: Akishagusa maji, anageuka. Anapanda tena kilima chote kunifuata mimi. Hanisemi. Hasemi kaza mwendo. Ananishika bega, anasema—

MWAMINI: "Hata mimi nimechoka."

HAMIMU: Uongo mtupu. Alikuwa hata jasho hana.

(Hatua zake barabarani.)

HAMIMU: Nimechelewa, dada. Na leo hakuna wa kunirudia.

MWAMINI: Simama hapo ulipo.

HAMIMU: Nikisimama nitalia.

MWAMINI: Lia basi. Hutafika, Hamimu. Wameshakata kona. Hutafika, mdogo wangu, tukubali tu. Simama pembeni ya barabara ulie.

(Kilio cha mwanamume, kinakatikakatika na mtandao.)

MWAMINI: Lia. Hata mimi nalia.

(Simu inatoa mlio.)

MWAMINI: Simu ya Mzee hiyo, chaji inaisha. Sikiliza haraka. Asumani akitoka kaburini anachukua pikipiki ya kiwanda, anakuja kukuchukua.

HAMIMU: Asumani?

MWAMINI: Sikumtuma. Kasema yeye mwenyewe, kabla hawajambeba kwenda msikitini, Mzee asingelala na mtu wake wa mwisho yuko njiani. Si ndivyo alivyompata yeye, pale Kibirizi? Boti ya Kongo imeshusha watu, wote wamepata wenyeji, yeye amekaa mchangani na fulana moja. Mzee alikuwa ameshaondoka, akageuka.

HAMIMU: Mwambie asije. Hajalala huyo—

MWAMINI: Nimemwambia. Akanipa neno nikupe.

HAMIMU: Neno gani? Haloo? Dada, unakatika.

MWAMINI: Anasema umsubiri. Anasema hata yeye amechoka.

(Hatua zinakoma. Mlio wa chaji.)

HAMIMU: Nimesimama, dada.

MWAMINI: Umesimama?

HAMIMU: Nimekaa chini kabisa. Mwambie nipo mkono wa kushoto, hapa penye—

MWAMINI: Barabara ni moja, atakuona. Nitakuwekea chakula. Haya, kwa heri, inazi—

(Simu ya Mzee imezimika.)