Majibu ya Dativa

Kijiwe cha Raimundi, fundi baiskeli, kilikuwa mtaani Mlabani, kando ya barabara: benchi la mbao lililolegea mguu mmoja, baiskeli tatu zimegeuzwa matairi juu, na pampu iliyofungwa kwa mnyororo ili isitembee. Yeye mwenyewe walimwita Spoku. Kila asubuhi Maulidi alitua birika lake la kahawa hapo, watu wakanywa na kubishana mpaka birika likauke. Lakini Jumatano hiyo ya Juma Kuu, mwaka tisini na tano, Spoku hakuwa na mzaha. Alikuwa ametoka parokiani. Jina la dada yake, Dativa, lilikuwa limekatwa kwenye orodha ya watakaobatizwa Pasaka. Dativa alipoteza uwezo wa kusikia kwa homa akiwa na miaka minne, hasikii, hasemi. Spoku alibatizwa shuleni. Dativa hakuna shule iliyompokea. Miaka mitatu alikwenda mafundisho, masika na kiangazi, halafu Katekista Tadei akasema asiyejibu maswali habatizwi.

— Tatizo lugha, alisema Pantaleo, aliyetumikia misa za zamani, zile za Kilatini. — Mungu alizoea Kilatini. Tangu tuanze Kiswahili, maombi yanachelewa.

— Acha fiksi, alisema Maulidi. — Kwani hicho Kilatini ulikuwa unakielewa?

— Hata neno moja! Ndiyo maana yalikuwa yanafika.

— Sisi swala ni Kiarabu, basi. Ila dua omba hata kwa Kindamba. Mola ana malaika wakalimani, kila mmoja na lugha yake.

— Na wa mabubu yupo? aliuliza Pantaleo.

Maulidi alikuna kidevu.

— Yupo. Ila kazi zake chache, huenda amelala.

Shilinde, Msukuma aliyeshuka bondeni na ng'ombe wake miaka ile ya themanini, alicheka mpaka kahawa ikammwagikia.

— Kwetu babu akiomba mvua alikuwa anajaza maji mdomoni, anapuliza linakochomoza jua. Sasa mdomo umejaa maji, utasema neno gani? Na mvua ilikuwa inanyesha!

— Ilinyesha kwa sababu ilikuwa masika, Pantaleo alimkatiza. — Sikilizeni. Mungu ni kama redio. Kila dini ina masafa yake. Sasa bubu, jamani, betri hana.

Spoku aliitupa spana chini.

— Rudia.

— Mimi nasema tu, Spoku.

— Unasema tu! Wote mnasema tu! Jumapili nampeleka. Jina liwepo, lisiwepo. Nitamsimamisha mstari wa mbele, na anayetaka kumtoa aanze na mimi.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, Yosefina, aliyekuja kumwona mjukuu wake hospitali na sasa alikuwa anangoja lori la kumrudisha kwake Mngeta. Walikuwa wamempa shikamoo na kikombe, kisha wakamsahau.

Ndipo akatokea Tadei mwenyewe, anakokota baiskeli, tairi la nyuma limelala chapati.

— Tumsifu Yesu Kristo.

— Milele amina, aliitika Pantaleo peke yake.

Spoku hakuigusa ile baiskeli.

— Mwalimu, dada yangu amekosa nini?

— Hajakosa, Raimundi. Nimemwuliza Mungu ni nani, akanitazama tu. Nitaandika nini?

— Na ukiulizwa wewe, Mungu ni nani?

Tadei akajibu papo hapo, kwa ghibu, neno kwa neno kama lilivyo kitabuni. Hakukosea hata pumzi. Yosefina alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

— Baba, samahani, mimi mgeni. Wewe hujawahi kusimama mbele ya Mungu ukakosa neno?

Watu wote wakatazama vikombe vyao. Yosefina hakujua kwamba Januari ile Tadei alimzika mkewe, Evelina. Tadei aliilaza baiskeli chini. Akakaa kwenye benchi, likayumba.

— Miaka kumi na sita nazika watu wa mji huu, alisema. — Sala zote ninazo kichwani. Siku ile sikuipata hata moja. Watu walikuja na maneno mengi, sikumbuki walichosema. Walipoondoka alibaki mmoja. Alikaa chini kwenye udongo, karibu yangu, mpaka jua likageuka.

Akamwinulia Spoku macho.

— Dada yako.

Spoku hakulijua hilo. Alizoea kumsemea Dativa kila mahali, sokoni, zahanati, kwa wajumbe, akadhani dada yake hana jambo ambalo yeye halijui. Lakini hasira haikumtoka.

— Kwa hiyo ulijua. Ulijua, na bado ukamkata.

— Kitabu kinataka majibu, Raimundi.

— Basi kitabu kije chenyewe kimzuie.

Tadei akachomoa daftari mfukoni, akaomba kalamu. Aliandika DATIVA kwa herufi kubwa, chini ya jina lile lile lililokatwa. Kwenye mstari wa majibu kalamu yake ilisita. Akaacha wazi.

— Padri atauliza. Akiuliza, nitasimama mimi.

— Tutasimama wote, alisema Spoku, akainama kufungua tairi.

— Na mimi, alisema Shilinde, — ingawa sijui mnasimamaga saa ngapi.

Maulidi alikuwa anakung'uta birika, halina kitu tena.

— Mimi nitasimama nje, alisema. — Lakini nitasimama.